Gerhard Domagk na Chupa ya Dawa Tamu

Ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kuingia katika duka la dawa hapa Gihosha, itupie jicho rafu ya dawa za watoto. Miongoni mwa chupa zilizopangwa hapo utaiona ile ya kotrimoksazoli, dawa nyeupe, nzito kidogo, yenye ladha ya matunda, na juu ya karatasi yake imeandikwa kwamba sharti itikiswe kabla ya kunywewa. Mama huitikisa, hukipima kijiko, mtoto hukunja uso kisha humeza, na mambo yakaishia hapo. Wanajeshi na askari polisi wengi nao wamekwisha kuimeza dawa hiyo hiyo kwa vidonge, kambini au safarini, bila kuuliza ilitoka wapi.

Dawa hiyo ni ya ukoo wa salfa. Ukoo huo ulianzishwa na daktari mmoja Mjerumani ambaye kabla ya kuwa daktari alikuwa askari wa miguu, akajeruhiwa, kisha akawa mhudumu wa majeruhi vitani. Na lile neno dogo la kutikisa chupa nalo lina historia yake, tena historia ya msiba, kwani zamani dawa ya ukoo huo huo iliwahi kuuzwa ikiwa maji safi yasiyohitaji kutikiswa, matamu, yenye rangi ya kupendeza, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Daktari mwenyewe hakuwa na hatia yoyote katika jambo hilo. Lakini maisha yake hayasimuliki vema pasipo kulitaja.

Gerhard Domagk alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1895 katika mji mdogo wa Lagow, jimbo la Brandenburg, mahali ambapo leo ni sehemu ya nchi ya Poland. Baba yake alikuwa mwalimu. Nyumba yao haikuwa ya kitajiri wala ya kimaskini. Ilikuwa nyumba ya watu wa daftari na chaki, na kijana alilelewa katika kusoma. Alipomaliza masomo ya sekondari aliingia Chuo Kikuu cha Kiel kusomea uganga. Hakupata hata kuzoea viti vya darasa. Mwaka wa 1914 Vita Kuu ya kwanza ikalipuka, naye pamoja na wanafunzi wenzake akajiandikisha jeshini kwa hiari yake, akiwa bado hajatimiza miaka kumi na tisa.

Alipigana Flandria, upande wa magharibi, kisha kikosi chake kikahamishiwa mashariki, na huko mwezi wa Desemba mwaka huo huo akajeruhiwa. Alipopona hakurudishwa mstari wa mbele na bunduki. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kuonja masomo ya uganga, aliwekwa katika idara ya tiba ya jeshi, akapelekwa kwenye hospitali za nyuma ya mapigano upande wa Urusi. Katika miaka hiyo hiyo nchi yetu nayo ilikuwa ndani ya vita ile: Usumbura, kama mji wa Bujumbura ulivyoitwa, ilikuwa kituo cha jeshi la Wajerumani hadi Juni 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoiteka.

Yale aliyoyaona Domagk katika hospitali hizo hayakumtoka moyoni. Palikuwa na kipindupindu, palikuwa na homa za kila namna, lakini lililomtesa zaidi lilikuwa jambo la vidonda. Askari aliletwa na tundu la risasi pajani. Daktari alimpasua kwa ustadi, akaitoa risasi, akamfunga, kazi ikaonekana imekwisha. Siku ya tatu mguu unavimba, unabadilika rangi, unatoa harufu, ngozi ikiguswa inasikika kama ina mapovu ya hewa chini yake. Ni gangrini. Mguu unakatwa. Siku ya tano aliyekatwa mguu anazikwa. Majeruhi wengi waliepuka kufa kwa chuma kilichowapiga, wakauawa na vijidudu vilivyoingia pamoja na udongo na vipande vya nguo. Na dhidi ya vijidudu vilivyokwisha kuingia ndani ya damu, mganga wa wakati ule hakuwa na silaha. Dawa kali za kuoshea zilikuwapo, lakini ziliua nyama ya mgonjwa sawasawa na zilivyoua vijidudu.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1918 alirudi Kiel, katika nchi iliyoshindwa na yenye njaa, akahitimu udaktari mwaka wa 1921. Akafanya kazi Greifswald, kisha Münster, akichunguza jinsi mwili unavyopambana na vijidudu. Alioa mwaka wa 1925, na mshahara wa chuo ulikuwa mdogo. Mwaka wa 1927 kampuni kubwa ya kemikali ya I.G. Farben, iliyokuwa imeimeza kampuni ya Bayer, ikamwita kwenye maabara zake za Elberfeld, katika mji wa Wuppertal. Maabara hizo hazikuwa ngeni kwa Afrika: ndiko ilikotoka dawa ya Germanin, iliyojaribiwa na kutumiwa barani kwetu dhidi ya malale katika miaka ya 1920.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya uvumilivu kuliko ya akili kali. Wanakemia wawili, Josef Klarer na Fritz Mietzsch, walitengeneza vitu vipya, vingi vikiwa jamaa za rangi za kutilia nguo, kwani ilijulikana kwamba rangi fulani hushika vijidudu kama zinavyoshika uzi. Domagk aliwaambukiza panya streptokoki, vijidudu vikali vilivyotoka kwa mgonjwa aliyekufa, kisha akawapa kila kitu kipya alicholetewa. Panya wakafa. Akaletewa kingine, panya wakafa. Ikaendelea hivyo kwa miaka. Anayedhani kwamba ugunduzi ni jambo la kuamka usiku na kupiga kelele za furaha angepaswa kukaa wiki moja tu katika chumba kile akihesabu mizoga.

Mwishoni mwa mwaka wa 1932 ikaletwa rangi moja nyekundu iliyounganishwa na kipande cha kemikali chenye salfa ndani yake. Panya waliopewa rangi hiyo wakabaki wazima, wakila na kukimbia, huku wenzao ambao hawakupewa wamelala chini wamekufa. Cha ajabu ni kwamba rangi hiyo ikitiwa katika chupa pamoja na vijidudu, haikuwafanya lolote. Iliua vijidudu ndani ya mwili tu. Kampuni ikaiita Prontosil. Domagk hakukimbilia magazetini. Alingoja zaidi ya miaka miwili, madaktari wakiijaribu kwa wagonjwa, na ndipo Februari 1935 akachapisha taarifa yake katika jarida la waganga wa Ujerumani.

Mwaka huo huo haukuisha kabla jambo hilo halijafika nyumbani kwake. Mwezi wa Desemba binti yake Hildegard, mtoto mdogo, alianguka ngazini akiwa ameshika sindano, nayo ikamzama mkononi. Jeraha likaota usaha, uvimbe ukapanda, homa ikawaka. Madaktari walimpasua mara kadhaa pasipo nafuu, wakasema njia iliyobaki ni kuukata mkono. Fikiri, ndugu msomaji, hali ya baba huyo: alikuwa amekwisha kuwaona askari wangapi wakipitia njia hiyo hiyo, mguu kwanza, kaburi baadaye? Akaenda maabara, akachukua dawa yake, akampa mtoto kwa vipimo vikubwa. Homa ikashuka. Mkono haukukatwa.

Mwishoni mwa mwaka huo, huko Paris, wataalamu wa Taasisi ya Pasteur walifumbua kitendawili cha dawa iliyofanya kazi mwilini na kukataa kufanya kazi ndani ya chupa. Mwili, walisema, huivunja Prontosil vipande viwili. Ile rangi nyekundu, iliyowafanya wagonjwa wageuke wekundu mpaka ngozi, haikuwa na faida yoyote. Kilichoponya ni kile kipande cha pili, unga mweupe uitwao sulfanilamidi. Na unga huo ulikuwa umekwisha kutengenezwa huko Vienna mwaka wa 1908, ukachapishwa, ukasahauliwa. Haki ya kuumiliki ilikuwa imekwisha muda wake. Kwa hiyo yeyote mwenye pipa na jiko la kemikali aliweza kuutengeneza na kuuuza.

Habari zikaenea kama moto wa kiangazi. Mwaka wa 1936 daktari Leonard Colebrook wa London alionyesha kwamba dawa hiyo inawaokoa wazazi wenye homa ya uzazi, iliyokuwa ikiwaua akina mama siku chache baada ya kujifungua. Mwisho wa mwaka huo mtoto wa kiume wa Rais Roosevelt wa Marekani, aliyekuwa taabani kwa ugonjwa wa koo, akaponywa nayo, na magazeti yakaitangaza kila mahali. Kila mgonjwa sasa aliitaka. Kila kiwanda kiliitengeneza.

Hapa sharti tumwache Domagk kidogo katika maabara yake ya Elberfeld na kuvuka bahari.

Sulfanilamidi ina tabia moja mbaya kwa mtengenezaji: inachukia maji. Lita nzima ya maji ya kawaida huyeyusha gramu saba na kitu tu, nayo mgonjwa wa siku zile alihitaji kumeza gramu kadhaa kwa siku. Kipimo cha gramu moja kingemlazimu mtu kunywa zaidi ya mililita mia moja za maji machungu. Vidonge vilikuwapo, lakini vilikuwa vikubwa, na mtoto mdogo hamezi kidonge, wala mtu mzima aliyevimba koo. Mwaka wa 1937 wachuuzi wa kampuni ya Massengill, iliyokuwa na kiwanda katika mji wa Bristol, jimbo la Tennessee, walileta habari kwamba wateja wa kusini wanataka dawa hiyo katika hali ya maji. Mkemia mkuu wa kampuni, Harold Watkins, akaanza kutafuta kitu kitakachoiyeyusha.

Inafaa kueleza kidogo kazi hiyo, maana wengi wetu tunadhani kwamba ndani ya chupa ya dawa mna dawa tu. La hasha! Katika chupa ya mtoto, dawa yenyewe huenda ikawa ni sehemu ndogo sana. Kilichobaki ni mfano wa wapagazi wa misafara ya zamani: hawapigani, hawatibu, lakini bila wao mzigo haufiki. Kuna maji yaliyosafishwa. Kuna sukari, ambayo katika sharubati halisi ya dawa hufikia theluthi mbili za uzito wote, na haikuwekwa kwa utamu peke yake: maji yaliyojaa sukari kiasi hicho huwanyima vijidudu maji ya kuishi, lakini ukiyapunguza nguvu kwa kuongeza maji, kuvu huota. Kwa hiyo hutiwa pia kihifadhi, kama vile benzoati ya sodiamu, ambayo nayo hufanya kazi tu ikiwa dawa ina uchachu kidogo. Mtengenezaji asiyelijua hilo ataitia bure. Kuna gliserini, nzito na tamu. Kuna rangi na ladha. Kwa dawa zisizoyeyuka kuna gundi, kama ile ya mgunga inayotoka Sudan, ambayo huyafanya maji kuwa mazito ili unga uelee na usishuke haraka chini ya chupa ukagandamana kama udongo wa mfinyanzi. Kila mmoja wa wapagazi hawa lazima aulizwe maswali matatu: je, utaelewana na dawa? Je, utakaa salama miezi na miaka katika joto? Na la kwanza kuliko yote: je, wewe mwenyewe u sumu?

Watkins aliuliza maswali yote isipokuwa hilo la mwisho. Alijaribu vimiminika mbalimbali mpaka akakipata kimoja kilichoyeyusha sulfanilamidi vizuri, nacho ni diethileni glikoli. Ni maji mazito, hayana rangi, yana utamu, na kwa macho huwezi kuyatofautisha na gliserini. Kazi yake ni ya viwandani. Ndugu zetu madereva wa jeshi watakielewa kwa haraka nikisema kwamba ni jamaa wa vitu vinavyotiwa katika maji ya breki na ya kupozea mitambo. Akatia sehemu kumi katika mia za dawa, karibu sehemu sabini na mbili za kimiminika hicho, maji, sakarini, sukari iliyounguzwa kwa rangi, na ladha ya tunda la rasiberi. Maabara ya kampuni ikakagua sura, harufu na ladha, ikaridhika. Hapana panya hata mmoja aliyenyweshwa. Domagk, kumbuka, alitumia miaka mitano na maelfu ya panya kabla ya kumpa mgonjwa tone moja.

Mwanzoni mwa Septemba 1937 dawa ikaanza kusafirishwa, galoni 240 kwa jumla, kwa jina la eliksiri. Mwezi wa Oktoba madaktari wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, wakaanza kuona watoto walioletwa wakiwa na koo tu, kisha mkojo ukakoma. Tumbo liliwauma vikali, wakatapika, wakapoteza fahamu, wakatetemeka kwa degedege, wakafa. Mateso hayo yalichukua siku saba mpaka ishirini na moja. Leo inajulikana kwamba ini hulibadilisha glikoli hiyo kuwa asidi inayochoma figo. Wakati ule walichokiona waganga ni mafigo yaliyokufa ndani ya mtu aliye hai. Katika watu 353 waliothibitishwa kuinywa dawa ile, 105 walikufa, na 34 miongoni mwao walikuwa watoto.

Sasa ukaanza msako ambao askari polisi yeyote atauelewa. Idara ya chakula na dawa ya Marekani ilikuwa na wakaguzi na wanakemia 239, na karibu wote wakatolewa barabarani kutafuta chupa moja moja. Kampuni ilikuwa imekwisha kupeleka simu za maandishi kwa maduka kutaka dawa irudishwe, lakini bila kusema kwamba inaua. Wakaguzi wakailazimisha ipeleke simu ya pili iliyotaja hatari waziwazi. Ama kweli, amri isiyotaja sababu yake hutekelezwa kwa uvivu. Maduka mengine hayakuwa na kumbukumbu za wanunuzi. Mchuuzi mmoja wa Texas alikataa kusema aliwauzia nani mpaka alipotiwa ndani. Na katika jimbo la South Carolina mkaguzi alielekezwa makaburini, kwa kuwa desturi ya mahali hapo ilikuwa kuweka juu ya kaburi vitu vya mwisho vya marehemu. Akaikuta chupa iko hapo juu ya udongo, pamoja na kijiko chake. Kati ya zile galoni 240, zaidi ya 234 zilipatikana. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo iliyoua watu wote wale.

Sheria ya wakati huo, ya mwaka 1906, haikumtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba dawa yake ni salama. Kampuni ilishitakiwa kwa kosa la karatasi: iliita eliksiri kitu kisicho na kileo, na eliksiri kwa maana yake ni dawa yenye kileo. Kama ingeandikwa kuwa ni maji ya dawa tu, hapangekuwa na kesi. Faini ilikuwa dola 26,100. Juni 1938 Marekani ikatunga sheria mpya ya kumlazimisha mtengenezaji kuthibitisha usalama kabla ya kuuza, sheria iliyokuja kuigwa katika nchi nyingi. Watkins hakuishi kuona mwisho wa jambo hilo. Alijiua akiwa bado anangoja hukumu.

Jambo la kuumiza zaidi ni kwamba njia nyingine ilikuwapo, tena ya bei rahisi. Unga usioyeyuka haulazimiki kuyeyushwa. Husagwa laini sana, ukatiwa katika sharubati yenye gundi, ukaelea, na mnywaji akaambiwa atikise chupa. Dawa nyingine za ukoo wa salfa zilikuja kutengenezwa hivyo, na ndivyo inavyotengenezwa kotrimoksazoli ya mtoto hadi leo. Haing'ai kama maji ya kioo, na masimbi yake hutua chini ikiachwa. Ndiyo maana ya lile neno la kutikisa: asiyetikisa humpa mtoto maji matupu siku ya kwanza na dawa kali mno siku ya mwisho.

Nayo ile glikoli haikutoweka duniani. Kwa kuwa inafanana na gliserini na bei yake ni ndogo kuliko ya gliserini, wafanyabiashara wasio waaminifu wameiuza kwa jina la mwenzake, na viwanda visivyopima mapipa vimeinunua. Afrika Kusini mwaka wa 1969 ilizika watoto saba. Nigeria ilipigwa mwaka wa 1990, ikapigwa tena mwaka wa 2008 kwa dawa ya watoto wanaoota meno, watoto zaidi ya themanini wakafa. Haiti ilipatwa mwaka wa 1996. Mwaka wa 2022 ikawa zamu ya Gambia, ambako watoto wapatao sabini walikufa kwa figo, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya dawa nne za maji zilizokutwa na sumu hiyo. Indonesia, mwaka huo huo, ilipoteza zaidi ya mia mbili. Kipimo cha kuitambua kinajulikana, na kiwango kinachovumiliwa katika gliserini hakizidi sehemu moja katika elfu. Kinachokosekana ni mtu wa kulifungua pipa na kulipima kabla halijamiminwa.

Turudi Elberfeld. Mwezi wa Oktoba 1939, vita vya pili vikiwa vimekwisha kuanza, Domagk alipata habari kwamba ametunukiwa tuzo ya Nobel ya uganga. Kwa mtu mwingine ingekuwa siku ya ngoma. Kwake ilikuwa mwanzo wa kizaazaa. Hitler alikuwa amekasirishwa na tuzo ya amani ya mwaka wa 1935 aliyopewa Carl von Ossietzky, mwandishi aliyempinga na kufungwa, akapiga marufuku Mjerumani yeyote kupokea tuzo hiyo. Domagk aliandika barua ya kushukuru kabla ya kupata idhini. Watu wa Gestapo wakamjia nyumbani wakiwa na silaha, wakaipekua nyumba, wakamtia mahabusu karibu juma moja. Kosa lake ni kwamba alikuwa na adabu ya kusema ahsante. Alipofunguliwa aliletewa barua iliyokwisha kuandikwa ya kukataa tuzo, akatia sahihi. Ni mwaka wa 1947 tu alipokwenda Stockholm kupokea nishani na hati. Fedha zake zilikuwa zimerudi katika mfuko kwa mujibu wa kanuni, naye hakupata hata senti moja.

Wakati huo dawa yake ilikuwa imekwisha kupigana vita nzima pande zote mbili. Askari wa Marekani walibeba pakiti ya unga wa sulfanilamidi wa kunyunyizia jeraha, na vidonge vya salfa walivyoamriwa kuvimeza kwa maji mengi, kwa sababu salfa za wakati ule ziliganda katika figo za mtu mwenye kiu. Desemba 1943 Winston Churchill alishikwa na kichomi karibu na Tunis, akatibiwa kwa salfa iliyotengenezwa Uingereza, akapona, akarudi kuwapiga mabomu watu wa nchi ya mgunduzi. Penisilini ikaja baadaye ikaupunguza umaarufu wa salfa, lakini majeruhi wengi walikuwa wamekwisha kuokoka kabla penisilini haijatosha kugawiwa.

Baada ya kushindwa kwa Ujerumani, kifua kikuu kilifagia watu katika miji iliyobomolewa. Domagk, katika maabara zilizoharibika, aligeukia adui huyo. Kutoka katika ukoo wa salfa yeye na wanakemia wake walipata kitu kipya kiitwacho thiasetazoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakawa miongoni mwa makundi matatu yaliyoigundua, kila moja peke yake, nguvu ya isoniazidi. Isoniazidi nayo, kama sulfanilamidi, ilikuwa imekwisha kutengenezwa zamani, mwaka wa 1912 huko Prague, ikasahauliwa rafuni. Mtu huyu alikuwa na bahati ya kuokota vilivyotupwa, au labda alikuwa na subira ya kuvipima ambavyo wengine hawakuvipima.

Huko Ulaya thiasetazoni haikupendwa sana, kwa sababu ya madhara yake. Kwetu Afrika ya Mashariki ndiko ilikopata kazi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Kenya, Uganda na Tanganyika, wakishirikiana na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, waliijaribu kwa utaratibu mkali pamoja na isoniazidi, wakaona kwamba kidonge kimoja kwa siku chenye miligramu 150 za thiasetazoni na 300 za isoniazidi kinatosha kuponya wengi, kwa bei ambayo nchi maskini iliweza kuilipa. Kwa miongo mitatu kidonge hicho kilikuwa tegemeo la wagonjwa wa kifua kikuu katika nchi nyingi za bara hili. Kisha ukaja UKIMWI. Mwaka wa 1991 utafiti uliofanywa Nairobi ulionyesha kwamba wagonjwa wenye virusi hivyo hubabuka ngozi vibaya sana wakipewa thiasetazoni, wengine hadi kufa, na dawa hiyo ikaondolewa hatua kwa hatua. Isoniazidi ikabaki.

Hayati Domagk hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 24 Aprili 1964 huko Burgberg, katika milima ya Msitu Mweusi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akitafuta dawa ya saratani, na hakuipata.

Isoniazidi ya watoto imekuwa na safari yake. Kwa muda mrefu wauguzi walilazimika kuvunja vidonge vya watu wazima na kukisia vipande, au kutumia dawa za maji zilizo nzito kusafirisha na zilizoharibika upesi baada ya kufunguliwa. Mwisho wa mwaka wa 2015 ikatolewa tembe ndogo ya mtoto yenye miligramu 50 za isoniazidi, 75 za rifampisini na 150 za pirazinamidi, yenye ladha ya tunda, na Oktoba 2016 Kenya ikawa nchi ya kwanza kuisambaza kote nchini. Haina sharubati, haina gliserini, haina kimiminika chochote cha kununuliwa kwenye pipa. Mama huitia katika kikombe cha maji safi ya nyumbani, ikayeyuka yenyewe, mtoto akanywa.